Wenye malori, tengenezeni vitanda tunavyolalia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi madereva wa malori makubwa hapa Marekani, tunaosoma Kiswahili, tunalizungumza kwenye simu na kwenye vituo vya mafuta kila siku, ila sijawahi kuliona limeandikwa. Ni habari ya kitanda. Nasema kile kitanda kilicho nyuma ya viti vya kabini, anacholalia dereva wa masafa marefu usiku tano au sita kwa wiki, na ambacho sheria inakihesabu kuwa kifaa cha gari kama zilivyo breki na taa.

Nimeendesha lori miaka tisa. Miaka minne ya mwisho naendesha kwa zamu na mwenzangu: mmoja akishika usukani mwingine analala nyuma, na gari linaendelea na safari. Mwenzangu ananizidi umri kwa miaka kumi na miwili, namwita kaka, naye ananiita mdogo wangu. Niliyoyaona yalitukuta sote wawili, na ameniruhusu kuyaandika.

Usiku mmoja wa baridi kali tulikuwa kwenye barabara ya I-80 tukielekea magharibi, tela la friji limejaa, theluji imesukumwa kando ya barabara. Kaka alimaliza zamu yake saa mbili usiku, akala, na saa mbili na nusu akafunga pazia akalala. Nikashika usukani. Saa saba na nusu nikafika kwenye mizani, taa ikaniashiria niingie, halafu nikaelekezwa sehemu ya ukaguzi. Afisa alikuwa mtu mpole. Alitazama leseni yangu, cheti changu cha daktari, na saa zangu kwenye kifaa cha kielektroniki, kisha akazunguka gari na tochi yake, akaingia chini kutazama breki. Kote alikuta sawa. Mimi na kaka hatuchezi na breki. Mwishowe akaniomba nimwamshe mwenzangu. Kaka akashuka na blanketi mabegani. Afisa akapanda ngazi, akaingiza mkono nyuma ya pazia, akaushika ule wavu wa kumzuia mtu asirushwe kitandani, akauvuta.

Upande wa kulia wavu ulikaza. Upande wa kushoto ulimfuata mkononi.

Akaniita nione. Mkanda wa chini wa kushoto haukuwa na kifungo chake. Mtu fulani aliyetutangulia aliukata pale ulipochakaa, akaufunga fundo kwenye mguu wa rafu ya plastiki. Nyuzi za ncha ya mkanda zilikuwa zimeachana kama ufagio, na fundo lenyewe lilikuwa limeng'aa kwa mafuta ya mikono, maana yake lilikuwa pale kwa muda mrefu. Gari lile tulikuwa nalo wiki saba. Wiki saba kaka alilala nyuma ya fundo lile huku nikiendesha maili 65 kwa saa, nami nililala nyuma ya fundo hilohilo akiendesha yeye.

Afisa aliandika kosa chini ya kifungu cha 393.76(h) cha kanuni za shirikisho. Hakutuzuia kuondoka. Alinipa karatasi, akaniambia wavu utengenezwe, akanitakia safari njema.

Wapo watakaosema kosa la wavu ni kosa dogo, la kuongezea kurasa za ripoti. Nilikuwa miongoni mwao, hadi usiku mmoja mwaka 2021, katika gari jingine na kampuni nyingine, kulungu aliporuka barabarani mbele yangu. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari halikupinduka na sikumgonga yule mnyama, lakini nilisikia kishindo nyuma ya kiti changu, kisha sauti ya kaka akiniuliza kama niko mzima. Alikuwa ameteleza na godoro lake mpaka kwenye wavu, na wavu ukamshika. Asubuhi tulipoegesha alinionyesha bega: alama za miraba ya wavu zilikuwa zimechapwa kwenye ngozi, safu tatu, nyekundu, zikachukua siku nne kufutika. Kitanda cha lori kimelazwa kwa upana wa gari, kwa hiyo breki zikishika ghafla mtu haendi kichwani wala miguuni. Anakwenda ubavu, moja kwa moja kwenye viti, usukani na kioo cha mbele. Katikati yake na kioo hakuna kitu kingine zaidi ya ule wavu. Ndiyo sababu sheria inataka kila lori lenye kitanda lililotengenezwa kuanzia 1 Julai 1971 liwe na kizuizi hicho, na kizuizi kiweze kuhimili nguvu ya pauni 6,000 ikivuta kuelekea mbele. Pauni 6,000 ni zaidi ya kilo 2,700. Fundo kwenye rafu ya plastiki lingehimili kiasi gani?

Sasa nieleze kilichofuata usiku ule, maana hapo ndipo wengi wetu hukosea.

Kaka hakuweza kurudi kitandani gari likitembea. Alikaa kiti cha abiria na mkanda amefunga, nami nikaendesha taratibu mpaka kituo cha malori kilichokuwa mbele kidogo, tukaegesha. Nikampigia simu dispacha, yaani anayetupangia mizigo na safari. Mwenye kampuni ile ni mtu wetu, na dispacha wake pia ni mtu wetu. Tunaongea Kiswahili tangu siku ya kwanza. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, mwambie alale tu. Wavu si injini. Mzigo una saa yake." Nilipokataa akakata simu, akaniandikia ujumbe wenye maneno hayohayo. Ujumbe ule ninao mpaka leo.

Shida yetu haikuwa wavu peke yake. Ilikuwa saa. Kwa wasomaji wasioijua kazi hii: dereva wa mzigo anaruhusiwa kuendesha saa 11 tu, ndani ya dirisha la saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Sheria inamruhusu kuzigawa zile 10 mara mbili, kwa sharti kwamba sehemu moja iwe ya saa 7 au zaidi kitandani, na nyingine isipungue saa 2, zote zikitimia 10. Mpangilio huu wa saa 7 na 3 ulianza kutumika 29 Septemba 2020, na umetusaidia sana. Lakini msomaji anayetaka kuelewa uzito wa jambo hili atazame kanuni za saa za kazi, mahali zinapoeleza maana ya kitanda: ni kitanda kinachotimiza masharti ya kifungu cha 393.76. Kisichotimiza masharti hayo, kwa maana ya sheria, si kitanda. Ni ubao wenye godoro. Na dereva aliyeandika saa saba za kitanda juu ya ubao wenye godoro anaweza kukuta mgawanyo wake umevunjika, na kosa la kifaa limezaa kosa la saa, ambalo ni zito zaidi kwake binafsi.

Wapo wanaobisha kwamba mtu akipumzika ndani ya gari lililoegeshwa, muda huo unahesabiwa kuwa nje ya kazi hata kama hayuko kitandani. Ni kweli, na ndilo lililotuokoa. Lakini kwa wanaoendesha wawili gari likitembea, hilo haliwasaidii chochote. Aliyekaa kiti cha abiria anaweza kuhesabiwa kuwa nje ya kazi kwa saa zisizozidi 3 tu, tena ziwe zimeungana na saa 7 za kitandani, kabla au baada. Kaka alikuwa na saa tano juu ya kitanda chenye fundo. Hatukutaka kubahatisha. Tukazihesabu zimepotea, tukaanza saa 10 upya, wote wawili, gari limeegeshwa.

Asubuhi saa nne fundi wa mji wa jirani alileta wavu mpya na mikanda yake. Alifungua bolti nne, akasafisha mahali pa kushikia, akafunga upya na kuvuta kwa uzito wa mwili wake wote, mguu ameuegemeza kwenye kiti. Dakika arobaini. Bei yote, kifaa na kazi, haikufikia gharama ya mafuta ya siku moja ya lori lile. Tulichelewesha mzigo, na mwisho wa wiki tukakatwa dola 250 kila mmoja kwa kuchelewa. Nilizidai mara mbili, kwa simu na kwa barua. Sijarudishiwa.

Ndugu Mhariri, sitaki kumlaumu mwenye kampuni peke yake. Mimi nilipokea lile gari. Kabla ya kuendesha, dereva anatakiwa ajiridhishe kuwa gari liko katika hali salama, na asubuhi ile nilizunguka gari zima nikapima tairi moja moja, nikasikiliza hewa ya breki, nikawasha taa zote. Sikufungua pazia kuuvuta wavu. Nadhani najua kwa nini. Ripoti ya hali ya gari ya mwisho wa siku imetajiwa vitu 11 vya lazima: breki za kawaida na viungio vya breki za tela, breki ya kuegeshea, usukani, taa na viakisi mwanga, tairi, honi, waipa, vioo vya kuangalia nyuma, viungio vya tela, magurudumu na rimu, na vifaa vya dharura. Kitanda hakimo. Mtu anayejifunza kazi anajifunza orodha ile kwa moyo, na kisichokuwemo kinatoka akilini. Lakini sheria hiyohiyo inasema orodha ni kiwango cha chini. Kasoro yoyote inayogusa usalama inaandikwa, na ikishaandikwa, mwenye gari analazimika kuirekebisha na kuthibitisha kwa maandishi kabla ya gari kuondoka tena. Ningeandika mstari mmoja siku ya kwanza, fundo lile lisingemaliza hata wiki moja.

Tangu siku ile nimezoea kuanzia ukaguzi wangu ndani, kitandani, kabla ya kugusa tairi. Nimeona mengi. Kitanda kilichowekwa baada ya 30 Septemba 1975 lazima kiwe na urefu wa inchi 75, upana wa inchi 24, na nafasi ya inchi 24 kutoka juu ya godoro hadi dari. Lori jipya halina shida na vipimo hivyo. Shida iko kwenye magari yaliyonunuliwa mnadani na kupitia mikono minne. Godoro la sponji lazima liwe na unene wa inchi 4 angalau. Katika gari moja nililofanyia kazi wiki mbili tu, nilibonyeza godoro kwa kidole gumba, kidole kikagusa ubao bila hata kukaza mkono. Mwenye gari aliniambia nijinunulie la kwangu. Nilinunua, kwa sababu mgongo ni wangu, na risiti nikampelekea.

Mashuka na blanketi nayo yametajwa katika sheria, eti kitanda kiwe na matandiko ya kutosha. Wengi tunabeba yetu wenyewe, na sioni ubaya, ila dereva mgeni ajue kwamba kitanda kitupu chenye godoro tu nacho ni kosa.

Halafu kuna mlango. Kutoka kitandani kuja kwenye kiti cha dereva lazima kuwe na uwazi usiopungua inchi 18 kwenda juu na inchi 36 kwa upana, na mtu aweze kutoka bila kuzuiwa. Magari yametengenezwa vizuri. Tunaoziba ni sisi. Tunaweka friji ndogo katikati ya viti, juu yake jiko la umeme, pembeni katoni za maji na mfuko wa nguo chafu. Nimewahi kumtembelea rafiki kwenye kituo cha malori, ikanibidi niruke vitu vitatu kumfikia kitandani. Nilimwuliza angetokaje moto ukianzia kwenye injini. Tulishusha vile vitu pamoja jioni ileile.

Jambo linaloniogopesha kuliko yote ni hewa. Kanuni inataka kitanda kiwekwe ili moshi wa ekzosi, joto lake na mafuta yanayovuja visiingie anapolala mtu. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii niliamka siku tatu mfululizo na kichwa kizito, mdomo mkavu, na kichefuchefu kilichokwisha kila nilipotembea nje. Nikadhani ni mafua. Siku ya nne niliinua godoro, nikakuta mpira wa kuziba tundu la nyaya kwenye sakafu umepasuka, na pembeni ya tundu pamepakwa weusi wa masizi. Injini ilikuwa inawashwa usiku kucha kwa ajili ya joto, na bomba la ekzosi lilikuwa na ufa chini ya pale nilipoweka kichwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Harufu ya dizeli niliyokuwa naisikia ilikuwa bahati yangu tu. Tangu wakati huo nina king'ora kidogo cha kugundua gesi hiyo, kinatumia betri, nakining'iniza karibu na mto, na nikibadilisha gari kinakwenda nami.

Wenzetu wanaoendesha peke yao huniambia wavu hauwahusu, kwa kuwa wao hulala gari limeegeshwa. Wengine huuvua kabisa ili wapate nafasi, au huutandaza kitanda cha juu kushikilia mabegi. Nawaomba wauache mahali pake. Sheria haiulizi kama unaendesha peke yako; inauliza kama gari lina kitanda. Na gari lile kesho atapewa mtu mwingine pamoja na mwenzake, nao watalala wakiamini kwamba aliyewatangulia aliacha kila kitu kizima, kama nilivyoamini mimi.

Kuhusu karatasi ya ukaguzi. Nimewaona watu wakiikunja na kuiweka chini ya kiti, wakidhani kwa kuwa haina faini papo hapo basi imekwisha. Haijaisha. Dereva anatakiwa kuikabidhi kwa kampuni afikapo kituo chao kinachofuata, na kama hatafika ndani ya saa 24, aitume mara moja. Kampuni ina siku 15 tangu ukaguzi kuthibitisha kuwa kasoro imerekebishwa na kurudisha fomu kwa walioitoa, na nakala itunzwe miezi 12. Ukiificha, unawanyima siku zao 15, kisha lawama inakurudia wewe. Mimi niliipiga picha pale pale mizani, nikaituma saa nane na dakika kumi usiku, na saa ya kutumwa ipo kwenye simu yangu. Niliomba pia ruhusa ya kupiga picha lile fundo, afisa akaniangazia na tochi yake.

Picha zile zilinifaa. Ukaguzi wa barabarani hukaa miaka mitatu kwenye rekodi ya dereva ambayo mwajiri anaweza kuiomba kutoka serikalini, na ajali hukaa miaka mitano. Nilipokwenda kuomba kazi ninayoifanya sasa, mama aliyekuwa ananihoji alisoma skrini yake, akaniuliza, "Hili la wavu lilikuwaje?" Nikamwonyesha picha ya fundo, picha ya wavu mpya, na risiti ya fundi yenye tarehe ya kesho yake. Alizitazama zote bila haraka, kisha akaniuliza naweza kuanza lini.

Na kama afisa amekosea, kwa mfano ameandika wavu haupo ilhali upo na ni mzima, usibishane naye kando ya barabara. Zungumza kwa adabu, mwombe akuonyeshe anachokiona, soma karatasi nzima kabla ya kuondoka, piga picha. Upo mfumo wa serikali wa mtandaoni uitwao DataQs ambao dereva mwenyewe anaweza kuutumia kuomba rekodi isahihishwe, na hauhitaji wakili. Naongeza kwamba tangu 25 Juni 2025 dereva asiyeweza kujieleza kwa Kiingereza mbele ya mkaguzi anaweza kusimamishwa hapo hapo. Ndugu zangu tuliojifunza majina ya breki na tairi kwa Kiingereza, tujifunze na majina ya vitu vya kitandani. Kaka yangu ana daftari dogo, ameyaandika yote kwa kalamu nyekundu, na tunaulizana tukiwa tunasubiri kupakiwa.

Sasa nirudi kwa wenye malori, maana barua hii ni yenu zaidi. Wengi wenu mlianza kama sisi, mkalala kwenye vitanda hivihivi, mkakusanya dola moja moja hadi mkanunua gari la kwanza. Tunajivunia ninyi, na tunapenda kuwafanyia kazi kwa sababu tunaelewana. Lakini dispacha wenu anapomwambia dereva amwache mwenzake alale nyuma ya wavu mbovu ili mzigo usichelewe, hilo lina jina katika sheria: ni kumshurutisha dereva avunje kanuni za usalama. Kifungu cha 390.6 kinakikataza kitendo hicho, na dereva ana siku 90 za kupeleka malalamiko FMCSA, shirika la serikali kuu linalosimamia usalama wa malori. Akifukuzwa au kukatwa pesa kwa sababu alikataa, ana siku 180 za kulalamika OSHA, shirika la serikali kuu linalosimamia usalama kazini, chini ya sheria ya kuwalinda madereva wa malori. Mimi sikupeleka malalamiko. Niliona haya kumshitaki mtu wa kwetu, mtu ambaye mkewe alinipikia nilipofika mjini sina mtu. Siku 90 zikapita, kisha 180. Nimeondoka pale, na gari lile sasa analo kijana mgeni na mwenzake. Wavu wake ni mzima kwa sababu tuliubadilisha. Yale magari mengine saba ya kampuni sijui, na ninapolala usiku huwa nayawaza.

Naomba wenye malori wafanye kitu kimoja mwezi huu: wapande kabini ya kila gari walilo nalo, wafungue pazia, wauvute wavu kwa mikono miwili, wabonyeze godoro, wainue godoro watazame matundu ya sakafu. Kwa gari moja haizidi dakika tano. Kisha wawaambie madispacha wao kwamba dereva akisema kitanda ni kibovu, gari linasimama, na hatakatwa chochote.

Nawe Ndugu Mhariri, naomba gazeti lako litafute mtu mwenye ujuzi wa kanuni hizi aweke kifungu cha 393.76 chote katika Kiswahili chepesi, kiwe ukurasa mmoja ambao mtu anaweza kuukata na kuubandika kwenye mlango wa kabini. Vijana wanaingia katika kazi hii kila mwezi. Wanafundishwa kurudi nyuma na tela, wanafundishwa mizani na mafuta, lakini habari ya mahali watakapolala kwa miaka kumi ijayo hakuna anayewaambia. Nikihitajika kusaidia kuisoma tafsiri hiyo kabla haijachapishwa, niko tayari, na kaka amesema yuko tayari pia. Tunakuwa nyumbani wikendi moja kila baada ya wiki tatu.

Wako,
Dereva wa masafa marefu
Des Moines, Iowa
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)